Taarifa ya Ofisi na Habari ya Gazeti: Mwongozo Kamili kwa Anayeandika Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguliwa, makundi ya WhatsApp ya waandishi wa Mtwara na Lindi hujaa taarifa. Chama kikuu cha ushirika kinatuma ya kwake, halmashauri ya kwake, muuza pembejeo ya kwake, shirika lisilo la kiserikali ya kwake. Nyingi zinaanza na mgeni rasmi, zinapita kwenye shukrani, zinaishia kwenye wito kwa wananchi. Jioni redio inazisoma kama zilivyo. Mkulima wa Mahuta au Nachingwea anasikiliza mwanzo hadi mwisho, na bado hajui fedha zake za mnada uliopita zitaingia lini.

Hapo wamekosea wawili. Ofisi imetoa taarifa isiyo na habari ndani yake, na redio imechukua maneno ya ofisi ikayatangaza kama kazi yake. Mwongozo huu ni wa pande zote: afisa habari wa halmashauri, katibu wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) aliyeambiwa na mwenyekiti "tuandikie kitu kitoke", kijana wa redio ya jamii, na wale wengi wanaofanya kazi zote mbili kwa sababu kipato cha moja hakitoshi.

Watu hupenda kusema mwandishi wa habari anatafuta ukweli na mtu wa uhusiano anapamba. Sikubaliani. Taarifa ya ofisi yenye uongo ni taarifa mbovu, na habari ya gazeti yenye uongo ni habari mbovu. Tofauti iko kwenye deni. Anayeandikia ofisi ana mtu anayemsemea, na msomaji anamjua kwa kuangalia tu nembo iliyo juu ya karatasi. Mwandishi wa habari hana wa kumsemea. Deni lake ni kwa msomaji, hata siku ambayo ukweli unamkera mwenyekiti, mfadhili au rafiki yake. Mambo mengine yote yanatokana na hilo.

Hatua ya kwanza: jua unaandika kwa niaba ya nani

Kabla ya kugusa simu au kompyuta, jibu maswali manne kwa maandishi. Nani ananilipa kwa kazi hii? Nani ana mamlaka ya kufuta sentensi yangu? Nikiacha jambo, nani ana haki ya kulalamika? Na kazi ikitoka, jina la nani liko juu?

Kwa taarifa ya ofisi, majibu ni ofisi, mkurugenzi au mwenyekiti, tena ofisi, na nembo ya ofisi. Kwa habari, majibu ni chombo cha habari, mhariri, msomaji pamoja na kila aliyetajwa, na mwandishi mwenyewe. Majibu yakichanganyika, kwa mfano shirika ndilo linalokulipa lakini jina lako ndilo litakalokaa juu gazetini, simama hapohapo.

Mikoani jambo hili si la nadharia. Wawakilishi wengi wa magazeti hulipwa kwa stori iliyotoka, na malipo yenyewe huchelewa. Shirika likija na kazi ya kuandika taarifa za mradi wake, ni riziki halali. Ipokee, iandike vizuri, iwe na nembo yao. Kisichofaa ni kuichukua taarifa hiyohiyo, kubadilisha kichwa, na kuituma kwa mhariri wako kama stori uliyoifuatilia. Ukishalipwa na upande mmoja wa jambo, mwambie mhariri wako wazi, na mwenzako wa klabu ya waandishi aiandike stori hiyo. Mhariri atakuheshimu. Asipokuheshimu, msomaji bado amelindwa.

Hatua ya pili: fahamu taarifa kwa vyombo vya habari ilizaliwa kwa kazi gani

Tarehe 28 Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani huko Atlantic City, Marekani, na watu zaidi ya 50 wakafa. Desturi ya kampuni za reli wakati huo ilikuwa kuficha. Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kugeukia kazi ya uhusiano, alifanya kinyume: aliandika maelezo ya ajali, akawapa waandishi, na waandishi wakasaidiwa kufika eneo la tukio. Gazeti la The New York Times liliyachapa maelezo yale. Wengi wanayahesabu kuwa ndiyo taarifa ya kwanza kwa vyombo vya habari.

Nalileta tukio hili kwa sababu moja. Taarifa ile ilipata nafasi kwa kuwa ilibeba mambo ambayo waandishi walikuwa wanayatafuta, kabla uvumi haujashika. Tangu mwanzo, taarifa nzuri ya ofisi ilikuwa msaada kwa kazi ya mwandishi. Taarifa inayoanza na orodha ya waheshimiwa waliohudhuria haimsaidii mtu yeyote.

Hatua ya tatu: kusanya, kila mmoja kwa njia yake

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate hadi mwisho. Chama cha msingi cha ushirika wilayani Newala kimejenga ghala la tani 600 kwa shilingi milioni 240. Mkuu wa wilaya amekuja kulizindua. Wanachama wametoka vijiji vinne.

Anayeandikia chama anakusanya kutoka ndani. Anaketi na katibu na mhasibu, anachukua muhtasari wa kikao kilichopitisha ujenzi, mkataba wa fundi, gharama halisi na tarehe ghala litakapoanza kupokea korosho. Namba zisizo na karatasi asiziandike, hata kama mwenyekiti anazijua kwa kichwa. Akishamaliza, aulize swali ambalo watu wa ndani hawapendi kuulizana: mwandishi akija na swali gumu, litakuwa lipi? Aliandike, alitafutie jibu la kweli, aliweke pembeni.

Mwandishi wa habari anaanzia nje. Anafika mapema kabla ya msafara, anakaa na wakulima chini ya mkorosho, anaongea na mzee aliyeleta magunia kwenye ghala la zamani na mama anayelalamikia unyaufu, yaani kilo zinazopungua korosho zikikaa ghalani zikisubiri mnada. Anauliza ghala limejengwa kwa fedha gani. Anajibiwa: makato ya shilingi 30 kwa kila kilo, misimu mitatu.

Sasa anachukua kalamu. Tuseme chama kiliuza tani 2,000 kila msimu. Tani 2,000 ni kilo 2,000,000. Mara shilingi 30 ni milioni 60. Kwa misimu mitatu, milioni 180. Ghala limegharimu milioni 240. Milioni 60 zimetoka wapi? Huenda ni mkopo wa benki, huenda ni ruzuku, huenda chama kilikuwa na akiba. Jibu linaweza kuwa safi kabisa. Lakini hesabu hiyo ya dakika mbili ndiyo inayomtenganisha mwandishi wa habari na mtu anayebeba kinasa sauti. Na afisa wa chama aliyejiandaa atakuwa na jibu mfukoni kabla hajaulizwa.

Hatua ya nne: andika aya ya kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi za mikoani kwetu zinapokufa, kwa hiyo tukae kidogo. Aya ya kwanza ya taarifa tulizozizoea husomeka hivi:

"Mkuu wa Wilaya amewataka wanachama wa chama cha msingi kulitunza ghala jipya, huku akiipongeza bodi ya chama hicho kwa kuunga mkono juhudi za Serikali katika kuinua zao la korosho."

Ghala limetajwa kama kitu cha kutunzwa. Hatujui liko wapi, lina ukubwa gani, wala nani atanufaika. Aliyepewa nafasi ya mbele ni mgeni, na mgeni ataondoka saa nane mchana. Mwandishi wa taarifa anahofia kwamba asipomtanguliza mheshimiwa ataonekana hana adabu. Hofu hiyo naielewa, lakini heshima inaweza kukaa aya ya tatu bila kuvunjika. Hii hapa taarifa ileile, bado ni ya chama na bado inakisifu:

"Wakulima wa vijiji vinne wilayani Newala wataanza kupeleka korosho kwenye ghala jipya la tani 600 kuanzia Jumatatu, badala ya kusafirisha magunia kilomita 14 hadi ghala la zamani."

Msomaji amepata nani, nini, lini na wapi, tena ameona faida bila kuambiwa kwamba kuna faida. Aya ya pili itaje gharama na chanzo cha fedha. Ya tatu, mkuu wa wilaya na alichosema chenye uzito. Ya nne, mwenyekiti.

Aya ya kwanza ya mwandishi wa habari inaweza kuwa hii:

"Wakulima wa vijiji vinne wilayani Newala wamepata ghala jipya lililojengwa kwa sehemu kubwa na makato ya shilingi 30 kwa kila kilo waliyouza kwa misimu mitatu, lakini baadhi yao wanasema hawajawahi kusomewa mapato na matumizi ya fedha hizo."

Aya zote mbili ni za kweli. Chama hakikudanganya kwa kuacha malalamiko. Hakuna anayetegemea chama kitangaze manung'uniko dhidi yake chenyewe. Mwandishi naye hakukihujumu chama. Amewasikia wanachama, na lazima akiulize chama kisha jibu lake liwekwe karibu na tuhuma, lisisukumwe aya ya mwisho ambako wachache wanafika.

Mpaka wa ofisi uko wapi basi? Unaruhusiwa kuchagua la kutanguliza. Huruhusiwi kuacha jambo ambalo likiachwa linageuza maana. Kama ghala halijapata kibali na halitapokea gunia hata moja msimu huu, kuandika "wataanza Jumatatu" ni uongo, na kuandika "ghala limezinduliwa" bila kusema hivyo ni uongo uleule uliovaa shuka.

Hatua ya tano: nukuu

Kwenye taarifa ya ofisi, nukuu huandaliwa. Unamwandikia mwenyekiti maneno, anayasoma, anarekebisha, anakubali. Hakuna ubaya, ilimradi ameyaona na anayasimamia. Hakikisha yanafanana na anavyosema. Mwenyekiti wa chama cha kijijini hazungumzi kwa "mnyororo wa thamani" na "wadau wa maendeleo". Anasema magunia yalikuwa yanalowa, na sasa hayatalowa. Andika hivyo.

Kwenye habari, nukuu ni maneno yaliyotoka kinywani mwa mtu. Huyatengenezi. Unaweza kukata, unaweza kuyaeleza kwa maneno yako bila alama za kunukuu, lakini ukiweka alama hizo umeapa. Ukiichukua nukuu kutoka kwenye karatasi ya ofisi, sema "katika taarifa iliyotolewa na chama", usiandike kana kwamba ulikuwa umekaa naye. Mkulima akikuambia jambo kwa Kimakonde au Kimwera, tafsiri kwa uaminifu na uache uzito wake ulivyo.

Kitenzi kinachoitangulia nukuu nacho kina kazi. "Amesema" hakiegemei upande. "Amebainisha" kinamaanisha umekubali kwamba alichosema ni kweli. "Amedai" kinatia shaka. Afisa wa ofisi anaweza kumwandikia bosi wake "amebainisha". Mwandishi wa habari abaki na "amesema" hadi awe na ushahidi.

Hatua ya sita: kuidhinishwa na kuhaririwa

Taarifa ya ofisi hupita kwa mwenye mamlaka kabla ya kutoka. Muombe mtu mmoja tu aidhinishe, si kamati. Kamati huongeza majina ya waheshimiwa na kuondoa namba. Weka tarehe, mahali, na jina la afisa wa kupigiwa ambaye simu yake itapokelewa jioni hiyo. Kama hutaki itoke kabla ya saa fulani, andika saa hiyo juu kabisa, na makubaliano hayo yafanyike kabla ya kuituma, si baada.

Habari haiendi kwa aliyeandikwa. Inakwenda kwa mhariri. Afisa akipiga simu, "Kaka, nitumie kwanza niipitie", jibu kwa upole na kwa uthabiti: "Dada, stori siwezi kukutumia, ila takwimu na maneno ya mwenyekiti nakusomea sasa hivi, unisahihishe kama nimekosea." Mazungumzo hayo ya dakika tatu huokoa urafiki na huokoa stori. Na afisa mwenye uzoefu hatakasirika, maana anajua stori ambayo ofisi imeipitia haina nguvu ya kuisaidia ofisi yenyewe.

Ukikataliwa kabisa nyaraka na ofisi ya umma, kumbuka Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua moja yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa huamsha mafaili mengi.

Bahasha

Lazima tulitaje. Semina inaisha, wanaandikishwa majina, inatoka bahasha. Ofisi inaiita nauli, mwandishi anaiita posho, na mitaani watu wanaiita kwa majina wanayoyajua. Msimamo wangu ni huu. Ofisi ikitaka waandishi wafike Liwale au Nanyumbu, iandae usafiri wa wote na itangaze wazi kwamba imefanya hivyo. Fedha mkononi baada ya tukio ni malipo ya stori, na stori iliyolipiwa na ofisi ni tangazo. Tangazo lina mahali pake: gazeti lina idara ya matangazo, redio ina vipindi vya kudhaminiwa, na msomaji huambiwa kwamba nafasi hii imenunuliwa. Ofisi inayotaka kusema maneno yake bila kuulizwa swali ikanunue nafasi, ipewe risiti. Hapo kila mtu amefanya kazi yake kwa heshima.

Nawaonea uchungu vijana wanaofanya kazi hii bila mshahara. Lakini msomaji wa Ruangwa hana namna ya kujua bahasha ilikuwepo. Ndiye anayedanganywa.

Hatua ya saba: siku ya dharura

Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Abiria aliyekwama humo alikuwa na maswali matatu: njia itafunguka lini, kuna njia nyingine, na nitapata wapi maji na chakula. Ukiandikia ofisi katika siku kama hiyo, taarifa yako iwe fupi na ijibu hayo matatu. Usilolijua usilijaze kwa "jitihada zinaendelea". Sema kazi iliyofikiwa saa hii, na taja saa utakayotoa taarifa nyingine. Kisha itoe saa hiyohiyo, hata kama hakuna jipya. Nani alitembelea eneo inaweza kusubiri kesho.

Mwandishi wa habari siku hiyo anaipokea taarifa ya ofisi kama chanzo kimoja. Anampigia dereva wa basi, anampigia muuza duka wa Somanga, anaangalia picha kwamba ni ya leo na si ya mafuriko ya mwaka mwingine. Wakipishana na ofisi, anaandika kwamba wamepishana.

Kuna dharura nyingine inayopikika polepole, na Mtwara inaijua. Mwishoni mwa 2012 na mwaka 2013, wananchi walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, hadi ghasia za Mei 2013 baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa, mitaani kulikuwa na swali moja: sisi tunabaki na nini? Kwa anayeandikia mradi wowote mkubwa, wa gesi, wa bandari au wa madini, swali la namna hiyo ndilo aya yako ya kwanza. Urefu wa bomba na thamani ya uwekezaji vifuate baadaye. Kwa mwandishi wa habari, swali hilohilo ndilo la kurudi nalo mwaka baada ya mwaka, mradi ukishazinduliwa na wageni rasmi wakishasahau.

Hatua ya nane: ikishatoka

Fuatilia. Afisa asipige simu kulalamika kwamba jina la mwenyekiti limeachwa. Hilo ni la mhariri. Apige kama kuna kosa la ukweli, akiwa na karatasi mkononi: "Mmeandika makato shilingi 50, kumbukumbu za kikao hizi hapa, ni 30."

Mwandishi akikuta kweli amekosea, asahihishe palepale kosa lilipotoka, kwa namba iliyokosewa na namba sahihi, siku inayofuata. Redio iliyosoma saa mbili usiku isahihishe saa mbili usiku, si saa tisa mchana. Na ofisi iliyotuma takwimu mbovu isifute ujumbe kwenye kundi la WhatsApp na kutuma mwingine kimyakimya, kwa kuwa wapo walioshaupakua. Itume taarifa mpya yenye neno MAREKEBISHO juu ya kichwa, itaje aya iliyokuwa na kosa na kilichobadilika, kisha afisa ampigie kila mwandishi aliyeitumia ile ya kwanza.